Tabea, aliyemwambia dada yake asubiri bati

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi nje kidogo ya Makambako. Lori la mabati linasimama mbele ya ofisi ya kijiji, na watu wanalisogelea kwa pamoja.

"Kamwene! Jamani, tupange foleni," anawasalimia kwa Kibena Tabea Mwalongo, mjane wa miaka 47, sweta amelifunga mpaka shingoni. "Wenye shida zaidi ndio wanaotangulia."

Tabea ni mkulima. Kazi hii ya kusimamia mgawo haina mshahara. Hata nauli ya bodaboda anajilipia. Mkutano wa kijiji ulimchagua pamoja na wenzake wanne kuhakikisha misaada inawafikia walioezuliwa nyumba na upepo mwezi Machi.

Siku ya mgawo wa kwanza, aliyesimama mbele kabisa alikuwa dada yake, Margareth. Upepo ulikuwa umemwezulia jiko tu. Nyumba ya kulala ilikuwa salama. Mzee Elieza, anayetembelea gongo, hakuweza hata kufika. Yeye na mkewe walikuwa wakilala chini ya turubai la kuazima kanisani.

"Nikamwambia dada asubiri, mbele ya watu wote," anakumbuka Tabea. "Akaniuliza, 'Mdogo wangu, nimekulea mimi, leo unanikana?' Nikainamisha macho. Lakini bati sikumpa."

Mabati yalikwenda kwa Mzee Elieza kwa mkokoteni.

"Mvua iliyofuata ilitukuta ndani," anasimulia mzee huyo. "Mke wangu aliisikia inapiga bati, akacheka."

Margareth aliacha kumsalimu mdogo wake. Hata kanisani alihama benchi.

"Wengine walinitukana, nikavumilia. La dada liliniuma. Nilikuwa napalilia huku nalia," anasema Tabea.

Leo zamu ya Margareth imefika. Anapokea mabati yake, anajitwika, kisha anasimama karibu na Tabea bila kumtazama.

"Viazi umeshavuna?"

"Bado, dada."

"Kesho nitakuja tusaidiane."

Tabea anajifuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha anamwita anayefuata.

Katika mkutano ujao wa kijiji, anakusudia kuomba wasimamizi wabadilishane vitongoji, asiwepo anayegawa kwa ndugu zake.

"Kuacha siachi," anasema. "Ila huku kwetu aje mwingine. Mimi wanipeleke ng'ambo ya mto, ambako sina dada."