Jiwe la Wanja la Hawo

Ukiulizia wanja wa manga katika soko la Garissa, ulikuwa unaelekezwa kwa Hawo. Alikaa chini ya turubai, karibu na wauza maziwa ya ngamia, ametandaza hina, uunsi wa kufukizia nyumba, na vichupa vya wanja aliousaga mwenyewe. Jiwe lake la kwanza alipewa na mama yake huko Mandera. Lilipokwisha, alitafuta jingine la namna ileile, na hakununua kwa macho tu. Alilipima kiganjani, maana mama alimwambia jiwe la kweli ni zito kuliko linavyoonekana. Kisha aliligonga. Likipasuka visanduku vidogo vyenye pande zinazong'aa, alilichukua. Likimeguka ovyo, alilirudisha akisema, "Mungu akupe mteja mwingine."

Alisaga kwa Bismillahi, na wanja wa mtoto mchanga aliuchuja tena kwa kitambaa laini. Kwao mtoto haletwi mbele ya wageni siku ya kupewa jina bila wanja machoni, na bibi mzaa baba ndiye anayempaka. Safari hii bibi alikuwa Hawo mwenyewe. Mkaza mwanawe, Fowsiya, alikuwa amejifungua msichana.

Siku moja kabla ya karamu ya jina, Kowsar, binti wa kaka yake, alikuja na ndoo ya mawe. Kowsar anafundisha jiografia katika shule ya upili.

"Eeddo, nisaidie kuosha," akamwambia shangazi yake. "Nafundisha madini wiki hii."

"Madini gani? Haya mawe tu. Mbuzi wanayakanyaga."

"Jiwe ni kama pilau, eeddo. Madini ndiyo mchele, ndiyo nyama, ndiyo bizari."

Hawo akacheka, akakunja mikono ya dera lake. Waliosha na kupanga kwenye sinia. Kowsar alimwonyesha kwamba rangi inadanganya: chumvi ya mawe nyeupe, jasi nyeupe, kwazi, ile inayoitwa quartz kwa Kiingereza, nyeupe. Jasi ukiikwaruza kwa kucha inaacha alama. Kwazi hata kisu hakiiwezi, yenyewe ndiyo inakwaruza kioo. Chumvi waliionja.

"Hiyo hata ngamia anaijua," Hawo akasema.

Ulanga ulibanduka karatasi karatasi. Chokaa ilidondoshewa siki ikatoa povu. Jiwe la chuma, jeusi kabisa, Kowsar alilisugua nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, likaacha unga mwekundu. Baada ya hapo, akasema, madini hupangwa kulingana na kilichomo ndani: chumvi na ndugu zake, chokaa na ndugu zake, metali zilizoshikana na hewa ya oksijeni, metali zilizoshikana na salfa.

"Kumbe yana koo kama sisi?"

"Yana koo, lakini hayagombani wakati wa uchaguzi."

Hapo Hawo akainuka, akaleta mkebe wake. Alitaka jiwe lake nalo lipate ukoo. Kowsar alilipokea, mkono ukashuka kwa uzito. Alilisugua kigaeni, unga ukatoka wa kijivu kizito. Akatazama vile visanduku, na kicheko kikamwisha.

"Eeddo, hili nadhani ni la risasi. Risasi na salfa."

"Risasi ya bunduki?"

"Hiyo hiyo."

"Astaghfirullah. Kowsar, huu ni ithmidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tuupake machoni."

"Ithmidi sibishani nayo. Nauliza kama hili ndilo. Sisi tulifundishwa ithmidi ni antimoni, na hiyo hupasuka vijiti virefu kama nyasi kavu, wala si nzito hivi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, inadhuru damu na akili yake. Naweza kukosea. Lakini mtoto wangu nisingempaka."

Hawo alirudisha jiwe mkebeni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akanawa tena. Zile dalili mbili alizofundishwa ziwe uthibitisho, uzito na visanduku, ndizo zilizolishtaki jiwe.

Kesho yake nyumba ilijaa wanawake. Mbuzi wamechinjwa, uunsi unafuka. Fatumo, mama yake Fowsiya, alikuwa amefika kutoka Wajir, na ulimi wake ulifika pamoja naye.

"Haye, Hawo, macho ya mtoto mbona uchi? Unapaka mji mzima wanja, kwako umekwisha?"

Hawo akaona njia rahisi. Aseme umekwisha, mtoto asalimike, soko libaki. Kabla hajafungua mdomo, jirani mmoja, Idman, mwenye mtoto mgongoni, akachomoa kichupa mkobani.

"Chukueni wangu. Ni wa Hawo mwenyewe."

Hawo alimtazama yule mtoto mgongoni. Kope zake zilikuwa nyeusi ti.

"Usiutoe, Idman," akasema. "Na huyo wako usimpake tena. Nimeambiwa jiwe hili lina risasi, na dalili nimeziona mwenyewe. Nimewauzia bila kujua. Nisameheni, na nirudishieni vichupa."

Fatumo akamaka: "Mimi umenipaka tangu harusi ya hawa watoto! Sasa mimi ni bunduki?"

Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Mmoja alisema mama yake alipaka mpaka uzeeni na aliona vizuri, akaondoka na kichupa chake. Fowsiya alimvuta binti yake kifuani, akamfunika uso kwa shuka, na mtoto akapewa jina hivyo hivyo.

Idman alibaki mlangoni. "Na wangu, mama Hawo? Nimempaka tangu azaliwe."

"Twende hospitali."

"Wageni wako je?"

"Wana nyama, wana wali."

Hawo alichukua mafuta ya ufuta na pamba, akamfuta mtoto kope taratibu, mpaka pamba ikatoka safi. Wakapanda tuktuk. Daktari aliuliza nini kimewaleta. Idman alimgeukia Hawo, na Hawo akaeleza, huku jiwe amelishika mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari akasema damu itapelekwa Nairobi kupimwa, majibu yatachukua muda. Sindano ilipoingia mtoto alilia sana. Hawo ndiye aliyemshika mkono usitikisike.