Harufu ya Mbarika Gerejini

Kila Ijumaa bosi wangu hapa Jeddah huwasha pikipiki yake ya zamani ya Kiitaliano, na moshi wake unanuka mafuta ya mbarika yaliyoungua. Hajui ananifanyia nini.

Fundi wa misheni ya kwetu alikuwa mzee Mwitaliano. Ujanani alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki, hadi akaanguka na kuvunjika nyonga. Pikipiki yake ya mbio, iliyonuka mafuta hayo hayo ya mbarika, alikuja nayo, ikakaa chini ya turubai. Hatukuwahi kumwona akiipanda.

Mama alipoumwa na nyoka shambani, matope yalikuwa yamezuia magari. Mzee akaifunua ili ampeleke hospitali. Nyanya akamfunga Mama mgongoni mwa mzee kwa leso mbili.

“Mkisikia injini, msiogope,” mzee alituambia. “Ogopeni ikinyamaza.”

Tukasimama uani, tukaisikiliza ikishuka bondeni, kona baada ya kona. Karibu na daraja ikanyamaza. Nyanya akanibana mkono hadi ukafa ganzi. Kisha ikanguruma tena, ng'ambo ya mto.

Hapa gerejini, bosi amezima injini. “Halas, imetosha. Yalla, funga mlango!”

“Naam, baba,” namjibu, kama sisi wafanyakazi tunavyowaita mabosi hapa.

Nashika komeo, lakini sifungi. Nasubiri ingurume tena.