Bati Bila Chungu

Nilipokuwa kijana, mjukuu wangu, nilisimama mbele ya wazee nikazuia pombe ya watu kwa hotuba nzuri sana, na kwa hotuba hiyo nusura mke wangu ajifungulie mtoni. Naanza na hilo kabisa, usije ukalisikia kwanza kwa jirani yangu Mama Lukelo. Yeye akilisimulia hunifanya mjinga zaidi ya nilivyokuwa, na mimi naona ujinga ule unatosha ulivyo.

Nakuandikia kwa sababu nimeambiwa umechaguliwa kuingia kamati ya Mfuko wetu. Hongera. Mimi niliingia humo nikiwa na umri kama wako, enzi za mkoloni, miaka ya elfu moja mia tisa hamsini. Nilikuwa nimetoka kusoma sekondari upande wa Mbeya, nikarudi huku vilimani kwetu juu ya Ilula na vitu viwili: cheti, na mke Mnyakyusa aitwaye Atupele. Cheti kililiwa na mchwa. Mke ndiye aliyenisaidia maishani. Wenzangu niliosoma nao walikimbilia Iringa mjini kutafuta kazi za ofisi. Mimi nilijaribu siku chache, nikakumbuka moto wa jikoni kwa mama, nikarudi. Watu walisema nimerudi kuwatumikia wananchi. Sikuwasahihisha.

Basi Mfuko, wakati ule, haukuwa na sanduku wala ofisi. Ulikuwa ghala. Kila mavuno, kila nyumba ya vilima vyetu vitatu ilipeleka kikapu cha mahindi au ulezi. Sehemu iliwekwa kwa ajili ya miezi ya njaa, na sehemu nyingine kamati iliuza kwa wenye maduka mjini, ikapata vitu. Halafu vikundi vilivyokuwa vikifanya kazi ya wote bila mshahara vilikuja kuomba: waliotengeneza madaraja ya magogo, waliofundisha watu wazima kusoma jioni kanisani, wanawake waliohudumia wagonjwa wasio na ndugu. Waliopewa hawakudaiwa kurudisha. Walidaiwa kazi tu, tena kazi ya kuonekana. Neno hilo "kuonekana" nililipenda kuliko wajumbe wenzangu wote, na ndilo lililonipoteza.

Mwaka ule walikuja wanawake, na aliyewatangulia alikuwa Mama Lukelo. Walikuwa wamejenga kuta za matofali mabichi karibu na zahanati ya misheni. Ilikuwa nyumba ya kungojea. Mwanamke mjamzito kutoka vilima vya mbali angeshuka mapema, akakaa pale mpaka siku yake, badala ya kukamatwa na uchungu njiani na mto umejaa. Masika yaliyopita mwanamke mmoja alikamatwa hivyo. Alipona yeye. Mtoto hakupona. Nyumba ile ilikuwa jibu lao, na walitaka iezekwe kabla ya mvua, kwa kuwa matofali mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa udongo.

Waliomba bati, misumari, na magunia ya mahindi na ulezi kwa ajili ya mgowe.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Mgowe ni siku ya kazi ya wengi. Mwenye kazi huwaalika majirani, hupika chakula na ugimbi, ile pombe ya nafaka, na watu huja na majembe na mashoka na nyimbo. Kazi ambayo ingekuchukua mwezi huisha jua likiwa bado juu.

Nikasimama. Nilikuwa na koti la shule, nikalifunga vifungo vyote. Nikasema Mfuko ni jasho la wajane na haki yake ni kuwa kitu kinachoonekana. Bati linaonekana. Msumari unaonekana. Pombe inaonekana asubuhi, jioni inamwagwa nyuma ya nyumba. Tukitoa pombe leo, nikauliza, kesho tutatoa nini, ngoma?

Watu walicheka, na kicheko kilinipanda kichwani haraka kuliko ugimbi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Yohane, mtu wa maneno machache, aliniuliza, "Na hilo bati, kijana, litapanda lenyewe?"

"Watu watakuja kwa upendo wa mama zao, Mzee."

Wajumbe wengine walikuwa wamependa hotuba, wakakubali bati na misumari, wakakataa magunia. Mama Lukelo alinyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Ahsanteni kwa bati. Msomi, tutakuona siku ya kuezeka." Tangu siku hiyo jina langu likawa Msomi.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Atupele hotuba nzima, pamoja na mikono. Naye alikuwa na tumbo kubwa, mimba yetu ya kwanza, na mvua zikianza ndipo angekuwa karibu kabisa. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya mto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo, mume wangu. Nami nitalala ndani ya hotuba."

Bati lilifika Ilula kwa lori, wanawake wakalipandisha mlimani kichwani. Siku ya kuezeka ikatangazwa kanisani. Nikaamka mapema, jambo ambalo mama yangu alilizungumzia kwa wiki nzima, nikaenda. Nilimkuta Mama Lukelo, wenzake, na mzee mmoja kiziwi ambaye nadhani hakusikia kwamba hakuna chakula. Miti ya kenchi, ya kubebea bati la paa, ilikuwa bado msituni, imesimama na majani yake. Tukangoja. Upande wa pili wa bonde tulisikia nyimbo, kwa sababu kulikuwa na mgowe wa kulima kwa mtu mwingine, na wanaume wote tuliowangoja walikuwa huko.

Mmoja wao alipita akiwa na shoka begani. Nikamzuia nikamuuliza, kwa hasira ya msomi, kama mama yake hakumzaa.

"Alinizaa," akasema. "Ila Msomi, kazi ya chungu kikavu sisi tunaijua. Ni ile ya barabara. Tarishi wa jumbe wa serikali anakuja mlangoni, anakuita kwa jina, unakwenda kuchimba mpaka jioni, hata maji ya kunawa hupewi. Mkituita na sisi mtuite kama watu wanaotakiwa." Akaendelea na safari yake kwenye nyimbo.

Nilisimama pale, mjukuu wangu, nimefunga vifungo vyote. Nilikuwa nimekulia ndani ya migowe. Nilibebwa mgongoni kwenye migowe kabla sijajua kutembea, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ugimbi ule ni malipo, kwa sababu haukuwa malipo. Mtu hawezi kukatia mwenzake miti kutwa nzima kwa sababu ya kibuyu kimoja. Chungu kilikuwa namna ya mwenye kazi kusema: nimewangoja, nimewaandalia, karibuni. Nami nilikuwa nimewaita watu wa vilima vitatu kama tarishi.

Alasiri ile likapita wingu moja la mapema. Manyunyu tu. Lakini kona ya ukuta iliyotazama mlima ililainika, ikashuka kidogo, ikainama mbele yetu kama mtu anayetaka kukaa. Mama Lukelo aliweka kiganja pale akaukandamiza ukuta, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Kuna waliosema tungoje. Mvua ikinyesha mianzi itatoa ulanzi, pombe yake haihitaji nafaka ya mtu, watu watakunywa na kuezeka. Shauri zuri, ila ulanzi ungeletwa na mvua ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mama Lukelo kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamkuta uani, ameinama kwenye beseni, anageuza ulezi uliolowekwa. Tayari ulikuwa umeanza kuchipua, unaelekea kuwa kimea cha pombe.

"Kamwene, mama. Ulezi wa nani huo?"

"Wa nani tena? Wangu."

"Wa akiba?"

"Wa mbegu."

Nikaangalia ile mbegu. Ukishaiotesha kwenye beseni, shamba hulipati tena. Kwake kulikuwa na watoto watano na mume aliyekuwa mkongeni Tanga.

"Sasa utapanda nini, mama?"

"Nitapanda hotuba yako," akasema, bila kuinua kichwa. "Ilikuwa ndefu, itatosha heka nzima."

Maneno niliyoandaa nikayaacha. Nikauliza ugimbi utakuwa tayari lini. Akasema karibu juma zima, kama jua litamwonea huruma, na tena ulezi wake peke yake haungetosha nusu ya watu. Nikamwambia Mfuko utaongeza, na mbegu yake itarudi.

"Mfuko upi? Uliokataa?"

"Uleule."

"Na nani atauambia?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kwa taratibu zetu, lililoamuliwa na kikao lilifunguliwa na kikao, na wajumbe walikuwa wametawanyika mashambani kwenye vilima vitatu, kila mtu na jembe lake. Mimi nilikuwa mtu ambaye hata kwenda kisimani niliona safari. Lakini nilikwenda. Kwa siku mbili nilipanda na kushuka, nikateleza, nikafukuzwa na mbwa wa mjumbe mmoja na nikadharauliwa na mjumbe mwenyewe. Kila nilipofika nilisema jambo moja: mimi ndiye niliyekosea, si ninyi, njooni tulifungue lile neno. Mmoja akaniambia mtu mzima hali matapishi yake. Nikamwambia mimi nitakula, yeye aje tu atazame.

Nilipofika kwa Mzee Yohane alisimamisha jembe. "Msomi! Umetoka nyumbani? Kuna msiba?"

"Bado, Mzee. Ndiyo nakimbia usitokee."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta uso, akaniuliza mke wangu hajambo, na tumbo linaendeleaje. Sikujua kama ameshatambua hofu yangu. Nikamwambia ukweli, kwamba naipigania nyumba ile sasa kwa ajili ya kila mama, lakini nisimdanganye, usiku namfikiria mmoja.

"Vizuri," akasema. "Kabla ya leo ulikuwa hufikirii hata mmoja."

Kikao kilifanyika hapohapo shambani kwake, wajumbe wamesimama na majembe. Ghala likafunguliwa. Magunia yalitoka, na mbegu ya Mama Lukelo ikarudishwa na nyongeza juu.

Siku ya mgowe walikuja watu ambao sikujua kama wapo. Miti ilishuka kutoka msituni ikiimbiwa. Wanawake walipika, wazee walionja ugimbi kwa uangalifu mkubwa, tena na tena, wasije wakawapa vijana kitu kibaya. Mimi nilipewa nyundo, nikanyang'anywa baada ya kujipiga kidole, nikapewa kazi ya kupitisha misumari. Kona iliyoinama waliiegemeza kwa nguzo nene, wakapita juu yake na bati hivyohivyo, wakaipa jina: Ukuta wa Msomi. Walikuwa wakipigilia pembe ya mwisho mvua ilipoanza. Hakuna aliyeshuka. Tulisikia ile sauti ya maji juu ya bati jipya, na wanawake ndani wakapiga vigelegele.

Atupele aliingia humo na mkeka wake kabla mto haujajaa. Mto ulipojaa, alikuwa upande wa zahanati. Binti yetu alizaliwa mikononi mwa mkunga, penye moto na maji moto, na shangazi yako huyo, kama unavyomjua, hajanyamaza mpaka leo.

Sasa sikia, mjukuu wangu, maana nimeandika yote haya nifike hapa. Utakaa kwenye kamati na vikundi vitakuja mbele yako. Utavutiwa na kile kinachoweza kupigwa picha. Toa bati, ni jema, lakini uliza pia nani atalipandisha, atakula nini, na ataitwa kwa namna gani. Usiwaone wanaoomba chungu kuwa walafi, wao wanajua kazi inavyofanyika. Nenda ukaone kwa miguu yako kabla hujasema hapana. Na ukigundua umekosea, rudi siku hiyohiyo, usiilinde kauli yako kama mali. Matofali mabichi hayangoji heshima yako ipone.

Mungu akupe magoti ya kupandia vilima hivi, akupe ulimi mfupi kikaoni, na majirani wasiokuogopa. Kila utakachokitoa kwa mkono wako kifike kilikokusudiwa, na wanaokipokea wakupokee nawe.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Nikamsomea Mama Lukelo nikiwa upande wangu wa ua, kwa sababu macho yake hayaoni herufi tena na masikio yake kwa bahati mbaya ni mazima. Alisikiliza mpaka kwenye baraka, akatema mate pembeni, akasema:

"Umesema vizuri, Msomi. Kesho kuna mgowe, wanaubomoa huo ukuta wako wajenge wa matofali ya kuchoma, ugimbi uko tayari tangu jana, na jembe lako nimeliona hapo halina hata mpini."