Paneli Mbili za Mlango wa Kushoto

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu tangu alfajiri, jua halikuonekana kabisa, na gundi ilikataa kukauka.

Hilo la gundi ndilo lililomkera zaidi Mama Pazia. Alikuwa ameipaka kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba wa kahawia ulio laini upande mmoja na wenye mikwaruzo upande wa pili, na kila alipoigusa ilimfuata kidole kama ute wa bamia. Siku ya jua ungesubiri kidogo tu, gundi ikapoa, ukalaza sponji juu yake, na juu ya sponji ukavuta rekzini, ile ngozi bandia ya viti vya magari. Siku hiyo ilibidi aipepee kwa sinia. Alipepea huku jicho moja likiwa langoni, kwa sababu wifi yake alisema atafika alasiri, na wifi yake hakuwa mtu wa kuchelewa.

Alikuwa anakuja kumchukua kaka yake, mume wa Mama Pazia.

Kiharusi kilimpiga mumewe mwaka uliotangulia, upande wa kulia. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu aliyekuwa akipiga soga hata na tairi, akabaki na ndiyo na hapana. Mguu ulianza kurudi polepole, mkono nao kidogo. Kwa fimbo aliweza kufika chooni. Yeye mwenyewe ndiye hakurudi. Alilala akiutazama ukuta. Ukimlisha, alikula vijiko viwili vitatu akafunga mdomo. Ukimuuliza kama anasikia baridi alisema ndiyo, na ukimuuliza kama anasikia joto alisema ndiyo vilevile.

Nje, chini ya banda la mabati, lilikaa gari lake la zamani la milango miwili, rangi ya maziwa, alilolinunua likiwa limeoza na kulifufua kidogo kidogo kila aliporudi safarini. Injini ilikuwa inawaka. Viti vilikuwa vimeshonwa. Ilikuwa imebaki milango tu, ambayo kwa ndani ilikuwa mabati matupu, na nyaya, na vyuma vya kuzungushia kioo vikitokeza kama mbavu. Zamani, mtu akiomba kuketi hata kidogo, alikuwa akimzuia kwa mkono. "Hakuna makalio yatakayokaa humu mpaka milango ivae nguo," alikuwa akisema, na alimaanisha hata makalio yake mwenyewe.

Mara moja tu tangu augue, Mama Pazia alimwona akigeuza kichwa. Ilikuwa siku jirani yao, fundi wa kuchomelea, alipofungua mlango wa lile gari kutafuta koleo lake akaubamiza. Kichwa kiligeuka kutoka ukutani, kikatazama dirishani, kisha kikarudi. Mama Pazia alilishika jambo lile kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba.

Kwa hiyo wifi yake aliposema sasa basi, kaka yake ahamie kwake, Mama Pazia alimwomba subira.

"Nitaivalisha ile milango," alisema. "Akitoka mwenyewe akaketi kwenye gari lake, utaniachia. Asipotoka, mchukue, sitatia neno."

"Wewe unashona mapazia, wifi."

"Nguo ni nguo."

Wifi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo iliuma kuliko tusi. "Haya. Jumamosi basi. Lakini hata mgongo wako umekwisha kwa kumnyanyua. Kwangu hakuna ngazi, na wanangu wana nguvu. Usifikiri nakuja kukunyang'anya."

Paneli za zamani mumewe alizibandua kabla hajaugua, akaziegemeza nyuma ya nyumba. Moja ililiwa na mchwa mpaka ikawa unga. Nyingine, ya mlango wa kushoto, ilivimba kwa mvua lakini umbo lilibaki, na matundu ya vibanio vya kuishikiza mlangoni bado yalionekana. Hiyo ndiyo aliyoifanya kipimo. Rekzini ilikuwapo, nyekundu iliyokolea kama damu ya mzee, kipande cha mwisho ambacho mumewe alikisaka kwa miaka na kukihifadhi juu ya kabati. Ya rangi ile haikuuzwa tena popote.

Alifanya kazi jinsi alivyozoea kufanya. Anayeshona mapazia hukata jozi kwa pamoja. Hulaza kitambaa juu ya kitambaa, akapitisha mkasi mara moja, kwa sababu pazia halina kushoto wala kulia mpaka litundikwe. Alilaza hadibodi juu ya hadibodi, akachora, akakata kwa msumeno mdogo wa mume wake. Akatoboa tundu la kitasa na la mkono wa kioo. Kisha akazitandaza mezani, zote mbili uso laini juu, kwa sababu uso laini ndio mzuri, na sponji ikakaa vizuri juu yake.

Ya kwanza aliimaliza Ijumaa. Ilikuwa nzuri, kwa kweli. Alikuwa amepitisha mishono mitatu iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, na kuikunja rekzini nyuma ya kona bila mkunjo hata mmoja. Alipoibana kwenye mlango wa kushoto, vibanio viliingia kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak, na alijikuta akicheka peke yake ndani ya banda.

Hii ya pili ndiyo iliyomkalia vibaya kwa ajili ya gundi. Hata hivyo, adhuhuri ilipopita ilikuwa imevaa. Alimwita fundi wa kuchomelea aje amshikie.

"Shemeji, wewe sasa fundi kamili," alisema yule fundi, akifuta mikono kwenye suruali. "Mgonjwa akiona hii atasimama adai usukani."

"Shika huko, acha maneno."

Wakaipeleka kwenye mlango wa kulia. Kona iliyochongwa ili ipishe bawaba ikaenda kwenye kufuli. Tundu la mkono wa kioo likaangukia kwenye bati tupu. Mama Pazia aliisogeza juu. Akaishusha. Akaizungusha, na sasa sehemu ya chini ikawa juu.

Fundi wa kuchomelea aliangua kicheko. "Shemeji, umezaa pacha. Zote za kushoto. Gari lako halina mkono wa..." Akauona uso wake.

Mama Pazia aliigeuza paneli mgongo juu, na hapo umbo likalingana na mlango barabara, kila tundu mahali pake. Ila upande huo ulikuwa ule wenye mikwaruzo, na rekzini yote ilikuwa imegandishwa upande wa pili.

"Tunaibandua," alisema.

"Gundi ile? Itararuka."

"Nimesema tunaibandua."

Alianza kwenye pembe kwa kisu butu. Gundi iliyomsumbua asubuhi kwa kutokauka sasa ilikuwa imeng'ang'ania. Rekzini ilitoka na sponji, sponji ikatoka vipande vipande, na alipovuta kwa hasira kidogo tu, mchaniko ukakimbia kutoka ukingoni hadi tundu la kitasa. Akasimama. Aliushika mchaniko kwa vidole viwili akiuunganisha, akiachia, akiunganisha tena, kama vile ungeweza kupona kwa kushikwa. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Alikuwa na mapazia ya watu, ya maua na ya mistari, marobota kwa marobota, na hakuna hata moja ambalo mumewe angelivumilia mlangoni mwake.

"Shemeji," fundi alisema taratibu, "mwite hivyo hivyo. Mlango mmoja si umevaa? Pengine atatoka."

Aliingia chumbani. Alipiga magoti kando ya kitanda, chumba kizima kikanuka gundi.

"Baba. Njoo uone gari lako. Nimevalisha mlango. Njoo ukae kidogo tu, nakuomba."

Mumewe aliutazama ukuta.

"Baba, dada yako yuko njiani. Usipotoka anakuchukua. Unataka kwenda?"

"Ndiyo," alisema.

"Unataka kubaki na mimi?"

"Ndiyo."

Sauti ilikuwa ileile, haikupanda wala kushuka. Mama Pazia aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro na kukaa hivyo, hata aliposikia honi langoni.

Wifi aliingia na wanawe wawili wenye mabega mapana. Alitazama mikono ya Mama Pazia iliyopauka kwa gundi, na vipande vya sponji kwenye nywele zake. "Wifi, unanuka kama duka la viatu," alisema, lakini kwa upole, akaanza kumtoa vile vipande kimoja kimoja. "Ametoka?"

"Bado."

"Kaka, tunakwenda?"

"Ndiyo."

Basi ikawa hivyo. Nguo zake zilijaa kwenye mfuko mmoja. Walimtoa wakimshika huku na huku, fimbo ikigonga sakafu, na ili kufika langoni ilibidi wapite bandani. Paneli ya pili ilikuwa chini, imelala uso juu, mchaniko wazi. Mumewe alisimama. Wapwa zake walidhani amechoka, wakasimama naye. Alitazama mlango wa kushoto uliovaa, akatazama wa kulia uliokuwa uchi, akatazama chini. Kisha alipenyeza ncha ya fimbo chini ya ile paneli na kuipindua, mgongo juu. Ilimchukua muda, na Mama Pazia, aliyefuata nyuma na mfuko wa nguo, aliona. Akaitazama hivyo ilivyolala, akatoa pumzi ndefu puani, kama alivyokuwa akifanya zamani makanika akimharibia kazi.

"Twende kaka, utalowa," wifi alisema, akimshika kiwiko.

Alikwenda. Hakugeuka. Gari la kukodi lilipokata kona, wifi alitoa kichwa dirishani. "Mpe wiki mbili atulie kwanza, wifi. Usije kabla."

Mama Pazia alibaki langoni. Nyumba nyuma yake ilikuwa kimya, na kila kitu ndani yake kilikuwa chake sasa, kitanda, ukuta, sufuria ya uji uliopoa. Alilia kwa sauti, na fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya ua, aliwasha mashine yake japo hakuwa na chuma cha kuunga.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Alisugua mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akaifunga ile paneli iliyochanika kwenye shuka, akaibeba kichwani hadi kwa wifi yake. Wifi alifungua mlango, akaanza kusema kuhusu wiki mbili, akauona mzigo, akasogea pembeni. Mumewe alikuwa amelala akiutazama ukuta mwingine. Mama Pazia alilaza paneli kitandani, mgongo juu, akampachika chaki yake ya kuchorea vitambaa kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, na kuvifunga vidole vyake juu yake. Akavuta kiti, akakaa kumsubiri achore.