Niliapa Siyajui Mawimbi

Wasomaji, nichekeni tu, maana hata mke wangu bado hajamaliza kunicheka. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mengo. Jumamosi iliyopita askari alikuja kuniita, eti natakiwa na kapteni mmoja wa Naguru. Siku hizi za utawala wa wanajeshi, mtu akiitwa hivyo nyumbani kwake huanza kilio. Mke wangu alilia.

Kapteni alinikalisha sebuleni kwake. "Wewe ndio mtu ya mawimbi?"

Nikamkumbuka jirani aliyechukuliwa kwa tuhuma ya kutuma habari nje kwa redio. "Hapana, afande! Mawimbi siyajui."

"Watu nasema wewe najua sana."

"Wananisingizia, afande."

Akachukua karatasi, akasoma polepole: "Wimbi nasafiri kwa kamba. Urefu yake mita mbili. Kila sekunde napita mawimbi tatu. Kasi yake ngapi?"

Swali la namna hiyo nimelifundisha muhula mzima! Lakini mimi niliona mtego tu. "Afande, naapa, hata mbili mara tatu inanishinda."

Mlango ukafunguka, akaingia binti yake na chai. Nilimtambua mara moja. Alipiga magoti kunisalimu, kisha akamgeukia baba yake kwa furaha.

"Baba, kumbe umempata mtu wa kunifundisha mawimbi! Huyu ndiye mwalimu wetu wa fizikia."

Kapteni alinitazama, akamtazama na binti.

"Huyu? Sasa najua kwa nini wewe naanguka mtihani!"