Cheti cha Gari Ambalo Sikulikagua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Gereji alinipa ufagio. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na diploma ya umakanika, msichana pekee katika darasa letu, na nguo ya kazi nilikuwa nimeishona mwenyewe. Aliitazama diploma, akaikunja, akanirudishia. "Ofisi iko muchafu," akasema.

Nilifagia siku nne. Siku ya tano lililetwa gari la mchungaji mmoja, kokisineli, lile gari dogo la mgongo wa mviringo, ambalo lilikuwa linazimika kila likipanda mlima. Mafundi watatu walifungua mbele wakitafuta mahali pa kutia maji. Nilishindwa kunyamaza. Niliwaambia kwamba mashini yake, yaani injini, iko nyuma, na maji haitumii hata tone.

"Kama weye unajua, njoo uonyeshe," Mkuu akasema. Nikaweka ufagio chini, na sikuambiwa tena kuushika.

Mkuu yule alikuwa na mdomo mkali, lakini alichojua hakukificha. Alinifundisha kwamba mashini ya kupozwa kwa upepo ina feni inayozungushwa na mkanda, na feni hiyo inapuliza hewa juu ya silinda. Silinda zenyewe zina mapezi, yaani vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama mbavu, ili joto litoke haraka. Vumbi letu jekundu la Kamina likikutana na mafuta yanayovuja, linaziba mapezi hayo. "Mashini ya mayi ikipata moto, itatoa moshi, utaona," alikuwa akiniambia. "Hii haisemi kitu. Inakufa kimya. Njo maana unaiangalia mbele ya kuiwasha."

Nilikaa gereji ile mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Kisha nikahamishiwa ofisi ya ukaguzi wa magari. Huko Mkuu wa Ofisi alikuwa mtu wa kalamu. Suruali yake haikuwahi kugusa vumbi. Gari likiletwa, alitazama taa na honi, akapiga muhuri. Nilipolala chini ya lori la kwanza kutazama breki zake, aliniita ndani.

"Mama Ngoie, unatuaibisha. Mukaguzi analala chini sawa mulevi?"

"Breki ziko chini, Chef. Juu ya meza haziko."

Hakunisamehe neno lile. Lakini wanunuzi wa magari walianza kuuliza kama mimi ndiye niliyelikagua gari kabla hawajalinunua, na jambo hilo naye alilisikia.

Sasa nieleze habari ya gari moja la kabriole, maana mpaka leo nikilikumbuka hasira inanipanda.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu. Mke wa Mwalimu Banza alikuja kwangu baada ya ibada. Mwalimu Banza alifundisha watoto wangu wote wanne. Mzee mpole, mwenye maandishi mazuri kuliko mtu yeyote mjini. Mke wake aliniambia kwamba mfanyabiashara mmoja ameshusha kwenye treni kokisineli ya kabriole, ile isiyo na paa la bati, inayofunikwa kwa turubai. Mwalimu ameiona, sasa hali chakula wala halali usingizi. Anataka kuibadilisha na nusu ya kiwanja chao, upande ule wanaolima mihogo.

"Twende uiangalie, Mama," akaniambia. "Minyi nikisema, anasema mwanamuke hajue motokari."

"Na minyi niko nini?"

"Weye uko fundi," akajibu. Nilicheka, lakini kidogo tu.

Kesho yake tulikwenda. Sitasema uongo, lilikuwa gari zuri. Rangi ya maziwa, viti vyekundu, turubai jipya. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye usukani, kofia kichwani, anatabasamu kama bwana harusi. Mfanyabiashara alisimama pembeni na miwani yake myeusi.

Nilianza na sumaku. Ninaibeba mfukoni imefungwa kwa uzi. Juu ya chuma inashika, juu ya mastiki, ule unga unaozibia mashimo, inaanguka. Chini ya milango yote miwili ilianguka. Nikafungua nyuma. Mpira wa kupeleka esansi, yaani petroli, ulikuwa umepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, juu kabisa ya mashini ya moto. Mpira mkubwa unaoizunguka mashini, unaozuia joto la chini lisirudi kwenye feni, haukuwapo. Nikashika puli, lile gurudumu dogo linalozungusha mkanda, nikalivuta na kulisukuma. Halitakiwi kwenda mbele na nyuma. Lilikwenda, na ndani kukagonga.

"Mama, unatafuta nini mule?" mfanyabiashara akauliza. "Umepoteza pete?"

Niliinua zulia upande wa abiria. Kulikuwa na lami mbichi, na chini ya lami bati la kopo la mafuta ya kupikia, maandishi yake bado yanasomeka.

Hapo ndipo nilipotoa kriki yangu, jeki ya kuinulia gari. Msomaji kijana ajue: gari la kawaida linashikwa na paa lake. Kabriole haina paa la kuishika, kwa hiyo nguvu zote ziko katika lonjeroni, mihimili miwili inayopita chini ya milango. Ikioza, gari linajikunja katikati kama daftari. Njia ya kujua ni moja. Unaliinua kidogo karibu na gurudumu la nyuma, halafu unajaribu mlango.

Nilimwomba Mwalimu ashuke. Alikataa. Niliweka mawe kwenye magurudumu, nikainua urefu wa vidole viwili tu.

"Sasa fungua mulango, Baba Mwalimu."

Alivuta kitasa. Akasukuma kwa bega. Mlango haukufunguka. Tabasamu likamtoka polepole. Nilishusha kriki, mlango ukafunguka wenyewe. Nilipoinua tena, ukakwama tena.

"Umeona? Iko inajikunja. Siku utapita shimo moja ya njia ya Bukama, na mukeo kando yako, itakatika."

"Uongo!" mfanyabiashara akapiga kelele. "Hii motokari iko na cheti!" Akatoa karatasi mfukoni.

Muhuri ulikuwa wa ofisi yetu. Sahihi ilikuwa ya Mkuu wa Ofisi. Na mahali pa mkaguzi palikuwa na jina langu lote, limepigwa kwa herufi kubwa: gari hili limekaguliwa na Mama Ngoie, halina kasoro.

Sikuwahi kuliona gari lile mpaka asubuhi ile. Mwalimu alisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena. Kisha akavua kofia, akaenda zake bila kuniaga. Kiwanja chake hakukitoa.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisini, na mafuta mikononi, nikaweka kidole kwenye nakala ya cheti kile mbele ya Mkuu wa Ofisi.

"Chef, hii jina iko ya nani?"

Hakushtuka. "Iko yako, Mama. Bantu banakuamini, njo maana tuliiweka."

"Minyi sikuona hii motokari!"

"Keti kwanza."

"Siketi. Futa hii jina."

"Umebakisha miezi tatu," akasema, sauti laini kabisa. "Toka na heshima. Bantu bengi bangependa kutoka na heshima."

Niliandika barua kwa wakubwa wake, kurasa mbili. Hakuna aliyejibu. Na wakati mimi nangoja jibu, mfanyabiashara alikwisha kulipeleka gari kwenye kambi ya wanajeshi. Mke wa sajini mmoja, Mama Furaha, mtu wa mashariki, alitaka kulikodisha kwa maharusi. Fikiria: bibi harusi na shela yake, wasimamizi wawili, juu ya bati la kopo la mafuta.

Niliposikia, nilipanda pikipiki na kriki yangu magotini. Mama Furaha alinisikiliza amesimama mlangoni, karatasi ile mkononi.

"Lakini ni wewe uliandikwa hapa," akasema. "Juzi ulisema gari ni zima, leo unasema imeoza. Nikuamini siku gani?"

Katika miaka yangu yote ya kazi nimetukanwa, nimechek­wa, nimepewa ufagio. Hakuna kilichoniuma kama swali lile, maana lilikuwa swali la haki. Ilinibidi nimshawishi mtu asiliamini jina langu mwenyewe.

"Usiniamini," nikamwambia. "Amini mulango."

Wanawake wa kambi walikusanyika, na masufuria yao na watoto mgongoni. Nikainua gari urefu wa vidole viwili. Mama Furaha alivuta mlango mwenyewe, mara tatu, mguu ameukaza kwenye ubavu wa gari. Mfanyabiashara, aliyekuwa amekuja kuchukua pesa zake, alianza kueleza habari za bawaba. Mama mmoja akamwambia akae yeye ndani, wamzungushe kambi nzima kwa mwendo wa kasi. Alikataa. Wanawake wale walicheka kicheko ambacho yule mtu hatakisahau, naye akaondoa gari lake kabla ya chakula cha mchana. Baadaye nilisikia limeuzwa vipande vipande, viti huku, magurudumu kule. Ndivyo ilivyostahili.

Mama Furaha hakuichana ile karatasi. Alinipa mkononi.

"Mama," akasema, "chukua jina lako."

Nilistaafu bila sherehe. Kwa kawaida mtu akitoka hupewa soda, hotuba na kitambaa. Mimi nilipewa bahasha na mlinzi akanisindikiza mpaka langoni. Mkuu wa Ofisi alihamishwa, ndiyo, akapewa cheo kikubwa zaidi. Mwalimu Banza alikaa mwaka mzima akipita mlangoni kwangu bila salamu, kana kwamba mimi ndiye niliyeliozesha gari lake. Mke wake alikuwa akiniletea mihogo kutoka kiwanja kile, akinong'ona, "Atapoa." Amepoa sasa. Tunasalimiana, lakini habari za magari hatuzungumzi.

Mimi sijapoa. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza ukaguzi wananiambia, Mama, hasira ya nini tena, mambo yamepita, na zaidi ya hayo hakuna mutu alikufa.

Nawajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyekufa. Hakuna atakayekushukuru kwa hilo, hakuna atakayekupa kitambaa. Lala chini ya gari uangalie.