Uamsho wa Marekani Ulivyoshuka na Tangawizi Yetu

Enzi zetu kule Mamba, milimani Upareni, mtoto alikuwa hakui bila kuijua Marekani. Siyo hii ya muziki na raba wanayoijua watoto wa sasa. Ya kwetu ilikuwa Marekani ya mahema, ya wahubiri waliozunguka juu ya farasi, na ya watu kuanguka chini uwanja mzima wakililia dhambi zao. Aliyetufundisha ni Mwalimu Elieskia, kila Jumamosi, kwenye darasa la kipaimara. Alikwenda kozi ya Biblia mjini akiwa mtu wa kawaida, akarudi na picha za uamsho wa Marekani pamoja na sauti mpya. Amri kumi tulizipita mbio kama basi linalopita kituo kisicho na abiria. Uamsho ulituchukua mwaka mzima.

Wenzangu mtakumbuka raha yake. Tukitoka darasani, matumbo yanalia, harufu ya makande inatoka kila jiko, lakini kwanza tucheze uamsho. Mmoja anapanda kwenye kisiki anahubiri, wengine tunaanguka kwenye tope la mifereji. Kwa kuanguka mimi nilikuwa sina mpinzani. Nikifika nyumbani mama anashika kiuno: "Wewe Namkunda, umetoka wapi na uchafu huo?" Namjibu, "Nilikuwa naokoka, mama." Fimbo ya siku hiyo haikuwa ya uamsho.

Basi tukafika kwenye somo la wale wakulima wa Marekani waliopigiwa hesabu ya siku ya kurudi Bwana, wakaacha mazao shambani, wakakaa kumngoja. Mwalimu alilifundisha kwa machozi. Alisema mmoja wao aliacha viazi vyake ardhini na havikuoza, wakati vya jirani zake wasioamini vilioza vyote. Kwamba siku ilipita, Bwana hakuja, na watu wale walilia mpaka kukakucha, hilo alilisema harakaharaka kama mtu anayekutajia bei asiyotaka uisikie.

"Wale walikosea hesabu," alisema. "Mimi nimeipiga upya."

Ungedhani Wapare, sisi tunaosifika nchi nzima kwa kumfuata kuku mmoja mpaka mahakamani, tungeomba kuiona hiyo hesabu. Hakuna aliyeomba. Somo la watoto likahamia kwenye ibada za wakubwa, na wakubwa wakaambiwa wasichimbe tangawizi. Viazi vya Mzungu vilipona ardhini, tangawizi ya Mpare itashindwa nini?

Sasa mimi mwaka huo nilikuwa nimefaulu darasa la saba. Kitongoji kizima tulichaguliwa wawili, na msichana nilikuwa peke yangu. Sare yangu, tranka langu la bati, godoro langu la bweni na ada yangu, vyote vilikuwa bado chini ya udongo, kwenye tangawizi ya baba. Bibi, mama yake baba, ndiye pekee aliyefungua mdomo.

"Eliamini, chimba kwanza ya mtoto. Bwana akikukuta umemaliza kazi, atakukasirikia?"

"Mama, hiyo ni imani haba," baba akajibu, na baba yangu hakuwa mtu wa kumjibu mama yake.

Nikaenda mwenyewe kwa Mwalimu. Nikamwamkia, nikamwambia shule inakaribia kufunguliwa. Akanishika kichwa mbele ya watu, akatabasamu. "Binti yangu, sekondari ya mbinguni haina ada." Waumini wakacheka kwa furaha. Ilikuwa kweli inachekesha, ukiwa huendi shule wewe.

Siku yenyewe ikafika, tukapanda mlima tangu alfajiri na nguo nyeupe. Mnalijua bwawa letu la kumwagilia, tunaloliita ndiva. Linajaa usiku kucha, asubuhi mwenye zamu analifungua maji yashuke mashambani kwa mifereji. Asipolifungua maji hayamngoji. Zamu ilikuwa ya baba. Lakini nani afungue ndiva siku ya mwisho wa dunia? Mvua nayo ilikuwa imenyesha kule juu. Jua lilipoanza kuchoma tukasikia mngurumo bondeni, ardhi inatetemeka kabisa. Elieskia akainua mikono, akapiga kelele: "Anakuja!"

Nyimbo zikapanda. Akina mama wakaanguka. Baba alikuwa analia kwa furaha, sijawahi kumwona hivyo tena. Na mimi nikaanguka, kwa mazoea.

Ilikuwa ndiva imepasuka. Kilichokuwa kinakuja kilikuwa kinakwenda: shamba letu, udongo na tangawizi yake, vinateremka kuelekea tambarare.

Ya Mwalimu ilikuwa salama. Mke wake alishaivuna na kuiuza mjini Same zamani. Mwalimu alipoulizwa alisema mkewe alivuna kabla yeye hajapewa ufunuo. Baba alipanda upya, na hakuwahi kulisema jambo lile mpaka anaingia kaburini. Nafasi yangu shuleni akapewa mwingine. Namtaja Elieskia na namtaja baba, maana wengine wote walikuwa waimbaji tu.

Leo nauza tangawizi sokoni Same, nawaona vijana. Mhubiri wao yuko kwenye simu, wanaokoka wamekaa, bando likiisha wokovu unakatika. Maji ya upako wanaletewa na bodaboda mpaka mlangoni. Sisi kupotezwa kwenyewe tulipanda mlima kwa miguu, tena tumefunga.

Juzi Elieskia alikuja mezani kwangu. Mzee sasa, anaheshimiwa, kiti cha mbele kanisani ni chake. Nikamwamkia, akaitika, akachagua tangawizi taratibu.

"Hivi Namkunda, wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La saba, Mwalimu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli kabisa. "Wazazi wa zamani hawakujali elimu."

Na mimi, kwa malezi yale yale ya enzi zetu tunayoyasifia kila tukikutana, nikamfungia tangawizi yake nikasema, "Ni kweli, Mwalimu." Mtoto wa siku hizi angempa jibu lake palepale, soko zima lisikie. Hapo tu ndipo ninapowaonea wivu.